Timothy Bado Anangoja Qianling

Eliakim aliuchukua ugali wote, mzima mzima, akauweka katikati ya meza na kusema huo ndio mlima.

"Sasa tazama, Baba Nekesa. Mfalme amelala humu ndani, na mke wake yumo humo humo. Miaka elfu na zaidi hakuna aliyewafungulia. Sisi hatuna shida nao, walale salama. Sisi tunakuja upande huu." Akasogeza bakuli la sukuma wiki. "Hii ni stesheni ya basi. Unashuka hapa, unapanda teksi, inakuacha kwenye ile barabara ya sanamu. Njeri yuko hapo anakusubiri. Unafanya lile la kufanya, unarudi airport, jioni uko hewani unaenda Nairobi. Safari ya siku moja tu. Si ni rahisi?"

Wanjala akasema ni rahisi. Angesema nini? Tangu asubuhi alikuwa Bloomington akikunja mashuka ya mahoteli, mgongo unamuuma, na sasa chakula chake kimegeuzwa kaburi la mfalme wa China. Lakini si njaa iliyomsumbua. Kila Eliakim alipoisogeza sahani, Wanjala alijiona anasukumwa hatua moja kuelekea mahali ambapo hawezi kwenda, na hawezi kusema kwa nini hawezi.

Huyu Eliakim ni mtu wa kanisa lao pale Richfield, Amerika, mwenye ofisi Eagan na uraia wa huko mfukoni. Alishawahi kwenda Guangzhou kununua vigae vya nyumba anayojenga Kitale, na tangu siku hiyo anaizungumzia China kama mtu aliyeoa huko. Ana roho nzuri. Hilo ndilo tatizo lake. Ukimwambia Eliakim una shida, hatakuombea akakuacha uende zako, atavua koti aingie jikoni kwako kupanga.

Na shida yenyewe ilikuwa hii. Ndugu yake Wanjala, Timothy, alifia huko Qianling, kwenye kaburi hilo la mfalme.

Timothy alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na Wanjala ndiye kifungua mimba. Katikati wako dada watatu, wote wameolewa. Wanjala alipoondoka Bungoma kwenda Amerika kusoma, Timothy alikuwa bado mtoto wa kuvalishwa kaptula. Alimfuata kaka yake mpaka getini huku analia kwa kelele za kuaibisha watu. Wanjala akamwambia, "Ningoje hapa hapa, naenda kukuletea baiskeli." Basi yule mtoto akaketi getini. Gari likaenda, vumbi likatua, yeye ameketi. Giza likaingia, ameketi. Mama yao alimvuta kwa nguvu kumwingiza ndani. Baiskeli haikuja, na Wanjala hakurudi. Walijuana kwa simu tu. Sauti ya mtoto ikawa sauti ya mvulana, kisha ikawa nzito ya mwanamume anayesema, "Kaka, nimepata ile nafasi ya kusomea reli China, mji unaitwa Xi'an."

Julai iliyopita, siku ya mapumziko, Timothy na wenzake wachache walipanga matembezi ya siku moja kwenda kuliona hilo kaburi. Ni mlima, wala si kaburi la kuzunguka kwa hatua tatu. Unapanda ngazi nyingi kwanza, kisha unafika barabara pana yenye farasi wa mawe na askari wa mawe kila upande. Mbele zaidi wamesimama wageni, sanamu za wajumbe wa nchi za mbali, mikono wameikunja kifuani kwa adabu, na karibu wote hawana vichwa. Vilikatika zamani, na vilikokwenda hapana anayejua kwa hakika.

Hapo kwa wageni ndipo Timothy alipoketi. Jua lilikuwa kali. Alicheka, akasema moyo unamwenda mbio kama wa mzee. "Nyinyi pandeni. Mimi nitawangoja hapa."

Wakapanda, wakapiga picha zao, wakashuka. Wakamkuta ameegemea ukingo wa mawe, kofia usoni. Njeri, msichana wa Nyeri aliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyemwondoa ile kofia akimtania kwamba Mluhya amelala kabla hata ya kula. Hakuwa amelala. Madaktari walisema ni moyo, kasoro aliyozaliwa nayo bila mtu kujua.

Mwili ulirudishwa Bungoma, ukazikwa. Wanjala hakwenda kumzika. Aliwaambia nyumbani kwamba kazini wamemnyima ruhusa, na ukoo mzima ulimjadili kwenye matanga, na haki walikuwa nayo. Mama yake peke yake hakumlaumu. Alichosema ni kwamba mwili umefika, lakini mwenyewe hajafika.

"Namsikia, Wanjala," alimwambia kwenye simu. "Ameketi. Alisema atangoja, na hakuna mtu aliyemwambia tumekuja. Walibeba mwili kama mzigo wakaenda. Mtoto wangu yuko katikati ya watu wa mawe wasio na vichwa, hata salamu hapati."

Kwao kina Wanjala, katika ukoo wao, mtu akifia ugenini, mtu wa damu yake huenda mpaka pale pale alipoangukia. Humwita jina lake. Humwambia, "Toka hapo, twende nyumbani." Kisha huokota udongo kidogo, huja nao bila kugeuka nyuma, na kuumwaga kwenye kaburi lake. Na anayeitwa hajibu. Anainuka tu na kufuata. Ndiyo maana usiite kwa mchezo.

Anayeita awe mwanamume wa nyumba. Baba alishakufa. Amebaki nani? Ni Wanjala.

Ilipofika Desemba mama yao alikuwa ameacha dawa. Dada zake walipiga simu wakilia: anakunywa uji vijiko viwili anasukuma kikombe, mwili umebaki mifupa. Wanjala akampigia, akamsihi, akamkaripia hata. Mama akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Baba, mimi nimechoka nataka kulala. Lakini mwanamke hawezi kulala mtoto wake akiwa bado nje." Hapo ndipo mdomo wa Wanjala ulipotangulia akili. Akasema, "Nitaenda kumleta, Mama. Naapa nitaenda."

Jamani, mdomo!

Kwa sababu Wanjala hakuwa na karatasi. Alikuja kama mwanafunzi, masomo yakakwama, viza ikaisha, akabaki. Amekaa hivyo miaka na miaka, analipa kodi, anasalimiana na majirani, anaendesha gari taratibu kuliko nyanya wa kizungu. Mama yake hakujua. Kanisani hawakujua. Aliyejua ni mkewe, Lynette, ambaye yeye ana green card, kibali cha kukaa daima, na ameomba uraia, na ombi lake limekaa huko lilikokaa bila jibu. Siku Lynette atakapoapishwa, ndipo Wanjala atakapopata mlango wa kuingilia. Wakili aliwaeleza taratibu, kama anayesema na watoto: "Lakini asitoke. Akitoka nje ya nchi hii hata siku moja, hatarudi kwa miaka kumi."

Nekesa, binti yao, ana miaka saba. Miaka kumi ijayo atakuwa msichana mkubwa anayeendesha gari.

Basi ndiyo hivyo. Siku moja kwa miaka kumi. Wanjala aliipiga hesabu hiyo akiwa kazini, akiwa bafuni, akiwa amepiga magoti kanisani, na haikubadilika.

Alipomweleza Eliakim habari za mama yake, alitaka tu mtu wa kumsikiliza. Akaongeza uongo mdogo wa kujifunika: ningeenda, ndugu yangu, lakini viza ya China ni ngumu. Ukimwonyesha Eliakim ukuta, yeye anaona mlango. Siku ya pili alirudi anacheka. Hakuna haja ya viza! Ukiwa na tiketi ya kuendelea mbele, Wachina wanakuruhusu siku moja utoke airport utembee. Unapitia Xi'an, unamchukua Timothy, unaendelea naye Nairobi. Wanjala akasema tiketi. Eliakim akasema ana pointi za ndege za miaka yote zinamwozea. Wanjala akasema kazini. Eliakim alimpigia simu bosi wa dobi, mzee mmoja wa Wisconsin, akamweleza habari za marehemu mpaka yule mzungu akatoa pole na ruhusa. Wanjala akasema baridi ya huko. Eliakim akaleta koti.

Kila kisingizio alichojificha nyuma yake, Eliakim alikibomoa kwa upendo. Hakuna kitu kinachokutesa kama kusaidiwa na mtu ambaye hujamwambia ukweli.

"Si umwambie tu," Lynette alisema Eliakim alipoondoka na ugali umebaki baridi mezani. "Mwambie huna karatasi. Atakufa?"

"Eliakim akijua Jumatano, Jumapili kwaya nzima inajua. Na jinsi mambo yalivyo siku hizi? Watu wanaogopa hata kwenda kununua unga."

"Basi mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Kwamba sikumzika ndugu yangu kwa sababu nimekuwa nikijificha? Anajua mimi ni mtu mkubwa huku, Lynette. Ndicho kitu kimoja anachoringia."

Lynette akakusanya sahani bila kumtazama. Yeye ni mtu wa kusali sana, na mambo ya kuita wafu alishayapinga tangu siku ya kwanza. Aliyeokoka haiti wafu, alisema, Timothy yuko kwa Mungu, hayuko kwenye ngazi za Wachina. Lakini siku hiyo hakuleta mahubiri. Alisimama kwenye sinki, akafungua maji, akayafunga.

"Mimi sitakuzuia," akasema. "Mama ni mama. Nikikuzuia naye akafa, utanitazama kwa jicho hilo maisha yangu yote. Kama unaenda, nenda. Lakini Nekesa utamwambia mwenyewe. Mimi sina mdomo wa kumwambia hilo."

Wanjala hakulala vizuri wiki hiyo. Ujumbe wa sauti wa Njeri ulikuwa ukiingia, msichana wa watu, mwenye bidii na huzuni yake. "Uncle, nimeulizia basi, liko. Uncle, vaa viatu vya kupanda, ngazi zina barafu kidogo Januari hii. Uncle, ile siku nilimwacha peke yake, nikikuona umekuja moyo wangu utapoa." Alisikiliza kila ujumbe mara mbili, na kila mara akajibu asante, Mungu akubariki. Akaweka nguo ndani ya mkoba, akazitoa, akaziweka tena. Mwishowe alijikaza kisabuni. Akakata shauri kwamba ataenda. Lynette atalia, Nekesa atalia, watakutana kwenye video, si ndivyo watu wanavyoishi? Yeye na Timothy si ndivyo walivyoishi?

Asubuhi ya safari theluji ilikuwa imeanguka, Eliakim akafika kabla ya wakati na injini akaiacha inanguruma nje. Nekesa alikuwa anavaa buti zake za shule. Akauliza kwa Kiingereza, kwa maana Kiswahili anakisikia lakini hakimtoki, kama Daddy atakuwa amerudi Jumatatu ile nyingine, kwa sababu kuna maonyesho shuleni na yeye ni twiga.

Wanjala akainama kumfunga zipu. Alikuwa amepanga maneno, amepanga wiki nzima. Yaliyotoka ni, "Ningoje. Nitakuwa nimerudi."

"Okay," Nekesa akasema, bado kwa Kiingereza. "Nitangoja."

Hakumwambia. Alitoka na mkoba, akapita mbele ya Lynette aliyesimama mlangoni amejishika mabega, na hawakuagana kwa sababu kuagana kungemfanya mtoto ashtuke. Akaingia kwenye gari la Eliakim.

Kutoka Richfield mpaka airport si mbali, nyimbo mbili za redio umefika. Eliakim alikuwa anapanga njia nzima. Usinunue maji pale ndani, ni wizi. Ukifika Xi'an usilale, ukilala umekwisha. Udongo uweke kwenye mkoba mkubwa, usiushike mkononi. Ukimwita Timothy, mwite kwa nguvu, usione haya, Wachina hawakujui. Wanjala aliitikia mm, mm. Kichwani lilikuwa neno moja tu linazunguka. Ningoje. Aliwahi kumwambia mtoto mmoja hivyo hivyo, na mtoto yule alingoja mpaka akafia kwenye kungoja.

Walipofika mbele ya mlango wa abiria, Eliakim akashuka akafungua buti, akauteremsha mkoba kwenye theluji. Magari nyuma yanapiga honi. Wanjala hakushuka.

"Shuka, bana! Utachelewa."

"Eliakim, sina karatasi."

"Karatasi gani? Si pasipoti nimeiona mfukoni mwako?"

"Za hapa. Sina. Sijawahi kuwa nazo tangu niache shule. Nikipita huo mlango sirudi. Miaka kumi, Eliakim, Nekesa atakuwa ameshanisahau uso." Na hapo mwanamume mzima akaanza kulia, kilio cha kukwama kifuani, mikono imeshika mkanda wa kiti kama kwamba kuna mtu anataka kumvuta nje.

Eliakim alisimama pale na mkoba. Askari wa magari alimpungia mkono aondoke. Akaurudisha mkoba kwenye buti, taratibu, akafunga, akaingia, akaliondoa gari. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Na mimi nilikuwa nakusukuma tu. Siku zote hizo."

"Hukujua."

"Niende mimi basi. Pointi ninazo. Niende nimwite."

"Timothy hakujui. Atasema huyu naye ni nani anayenipigia kelele."

Wakacheka, wote wawili, kicheko kibaya kisicho na raha. Kisha Eliakim akaegesha gari, akamshika Wanjala bega na kusema kwamba haya maneno yamefia ndani ya hili gari. Na kwa kweli yamefia humo, mpaka leo kwaya haijui kitu.

Lakini Bungoma mama yake alikuwa anajua mwanawe yuko hewani.

Hapa mtu angetarajia Wanjala apige simu aseme ukweli. Alijaribu. Simu ilipopokelewa alisikia sauti ya kijiko kwenye kikombe, na dada yake akasema, "Wanjala, huwezi kuamini, leo amekula! Amekula uji wote, amesema anataka nguvu za kumpokea Timothy." Ungekuwa wewe ungesema? Wanjala akasema amefika Seoul, anabadilisha ndege.

Kwa hiyo mpango ukageuka. Njeri ataenda Qianling peke yake, na simu. Yeye Wanjala ataongea kupitia simu ya Njeri, na mama atasikia. Njeri wiki hiyo hiyo anarudi Kenya kwa likizo, atabeba udongo aufikishe Bungoma. Wanjala atasema wamemwita kazini kwa haraka, hakuweza kupita nyumbani. Ulikuwa uongo unaovuja kila upande, lakini ndio pekee uliobaki. Njeri alielezwa mpango wote. Kisha akasema, "Sawa, Uncle. Mimi nitaenda hata kama ni peke yangu."

Asubuhi ya Qianling ni jioni ya Richfield, na Bungoma jogoo ndio wanaanza. Wanjala na Lynette walikwenda kukaa kwenye gari lao nje ya jengo ili Nekesa, aliyekuwa ndani na jirani, asisikie. Theluji ilikuwa inaanguka tena. Lynette alikuja bila kuitwa. Alisema simu ni mbili na Wanjala ana kazi ya kuita. Akaishika simu ya Njeri mkono mmoja, simu ya mama mkono mwingine, akazielekeza mdomo kwa mdomo.

Kwa Njeri kulikuwa na upepo, upepo mkavu wa mlimani unaopiga filimbi, na watu wachache wakipita wakiongea Kichina. "Nimefika, Uncle," akanong'ona. "Niko kwa wageni. Ni hapa alipoketi."

"Wanjala?" Mama sauti yake ilikuwa kama ya mtoto. "Umefika, baba?"

"Nimefika, Mama. Niko hapa hapa."

"Pakoje?"

Wanjala akatazama kioo cha gari kilichofunikwa na theluji, cheupe chote. "Ni mlima, Mama. Jua linatoka. Kuna hawa wageni wa mawe, wamepanga mistari."

"Na yeye?"

Lynette akafumba macho. "Yuko," Wanjala akasema. "Nafasi yake naiona."

"Mwite."

Akaita. "Timothy." Akaiinamia simu, akaanza tena. "Timothy, ndugu yangu. Tumekuja. Toka hapo, usingoje tena. Twende nyumbani." Kwenye simu ya Njeri sauti yake ikatoka juu ya mlima, ndogo, ikachukuliwa na upepo, na msichana akasikika analia.

Mtambo wa kuondoa theluji ukapita barabarani ukikwaruza lami na kupiga king'ora chake.

"Hiyo ni nini?" mama akauliza.

"Trekta, Mama. Wanajenga."

Kule kwa mama kikombe kikasikika kikiwekwa chini.

"Wanjala."

"Mama."

"Kwa Timothy kuna upepo. Nausikia. Kwako hakuna."

Mama hakupandisha sauti, hakuuliza alipo, hakuuliza kwa nini. Alikohoa kidogo, akasikika anajivuta kukaa sawa kitandani, kama mama anayejiandaa kuita watoto waliocheza mbali mpaka giza likaingia.

"Timothy," akaita, na sasa sauti haikuwa ya mgonjwa. "Timothy wangu, kaka yako amekuita na mimi nakuita. Toka hapo. Twende nyumbani." Akavuta pumzi. "Na wewe Wanjala. Wanjala mwanangu. Mahali popote ulipoketi, sijui ni wapi, sijui ni nani amekuweka hapo, umengoja vya kutosha. Toka hapo. Twende nyumbani."

Simu ya mama ikakatika. Aliikata mwenyewe.

Simu ya Njeri iliendelea kuvuma upepo, kisha Lynette akaizima kwa kidole gumba. Wanjala alikuwa anatazama mbele, kwenye kile kioo cheupe. Hakujibu. Kwao anayeitwa hajibu, anainuka tu na kufuata, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika kitasa cha mlango wa gari.

Lynette, ambaye hakuyaamini mambo hayo hata siku moja, aliangusha simu zote mbili akamkamata mkono wa koti asiende. Aliung'ang'ania kwa mikono miwili walipotoka kwenye gari, walipovuka theluji, walipopanda ngazi za jengo lao, na hata walipofika ndani, Nekesa akimkimbilia baba yake, hakuuachia.